Mama Shuka na Mashine Mbili

Kabla hajaniangalia usoni, aliiangalia kola yangu.

"Wino huo uliusugua kwa sabuni, ukazidi kutambaa," alisema. "Ungeniletea mapema, mwanangu."

Nilikuwa nimekwenda kumhoji juu ya mradi wa kuwainua wanawake waliopoteza kazi wakati wa maradhi yale yaliyoifunga dunia. Majirani humwita Mama Shuka. Kwa miaka kumi na tisa alifua katika chumba cha chini cha hoteli moja, hadi wageni walipokoma kuja na wafuaji sita, yeye akiwemo, wakarudishwa nyumbani kwa siku moja.

Mradi uliwapa wote sita mashine mbili za kufulia, kwa sharti moja: wapate mteja wa kudumu ndani ya miezi mitatu, la sivyo mashine zihamie kwa kikundi kingine. Miezi miwili ikapita wakifua mapazia ya majirani.

"Mashine zilitukodolea macho kama mawifi," alidakia shoga yake, mpiga pasi.

Ndipo muuguzi mkuu wa hospitali ya jirani alipowaletea shuka ishirini za majaribio, zimelowa damu. Hospitalini kwao, kila shuka ya namna hiyo ilirudi wodini na doa la kahawia. Mpiga pasi akakimbilia kufungulia maji ya moto, aue vijidudu. Mama Shuka akamshika mkono.

"Unataka kuipika damu, shoga? Ikiiva haitoki tena. Kwanza maji baridi na chumvi. Moto baadaye."

Wakavaa glavu na barakoa, wakaloweka, wakasuuza mara tatu, kisha ndipo wakafua kwa maji ya moto. Kesho yake muuguzi mkuu alizikunjua dirishani moja baada ya nyingine, akitafuta doa. Alipofikia ya ishirini aliuliza kama ni zake kweli au wamemnunulia mpya.

Tangu hapo shuka za hospitali huja kila siku. Sasa wafuaji ni kumi na mmoja, mashine tano.

Wiki iliyopita meneja wa hoteli alimpigia simu: wageni wamerejea, arudi kwenye chumba chake cha chini.

"Bosi, mimi kazi ninayo," alimjibu. "Ila shuka zenu nazijua moja moja. Zileteni huku."

Meneja akauliza gari lije saa ngapi.

Litafika Jumatatu, saa mbili asubuhi. Nilipoaga, Mama Shuka alikuwa juu ya ngazi akifunga kamba mpya za kuanikia, huku mpiga pasi akipima upana wa lango kwa hatua zake.

"Gari likikwama je?" aliuliza mpiga pasi.

"Tutabeba vichwani. Hebu pima tena."