Jino Nililolilisha Ili Nisiende Bweni

Enzi zetu, wenzangu mliojua kusoma kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa, meno hayakuwa mapambo. Yalikuwa vyombo vya kazi. Kwa meno tulimenya miwa, tukakata uzi, tukavunja sukari guru, tukafungua chupa za soda siku ya Krismasi, tukang'oa miiba kwenye nyayo za wadogo zetu. Mtoto mwenye meno imara alikuwa na cheo mtaani. Aliitwa nyumba hata nyumba, "Hebu njoo utufungulie hii," na akimaliza anapewa funda la kwanza. Siku hizi wajukuu zangu wana kifaa cha kufungulia chupa kimening'inizwa pamoja na ufunguo wa mlango, na bado wananiuliza, "Bibi, umekiona wapi?" Nawatazama tu.

Mswaki wetu ulitoka kichakani nyuma ya jiko. Mama alivunja kijiti, sisi tukakitafuna ncha mpaka ikatoa nyuzi, halafu tukachovya kwenye mkaa uliosagwa na chumvi. Ungetuona tumesimama uani mstari mmoja, midomo myeusi tii, tukichekeana kama watu waliokula sufuria. Baada ya hapo ni kusukutua na kutema, na kutema kwenyewe kulikuwa mashindano. Sisi tulikaa Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani, na kaka yangu aliapa kwamba asubuhi moja alitema mate Uganda yakatua Kenya. Kwa jinsi nyumba yetu ilivyokuwa imekaa, siwezi kumwita mwongo.

Jumatatu shuleni ilikuwa zamu ya mwalimu. Tunapanga foleni, tunakenua meno, yeye anapita na rula mkononi akichungulia kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Ukiwa na chembe ya mboga ya jana, unarudishwa mtoni. Mimi sikuwahi kurudishwa hata siku moja. Nawaambia hivi mapema mjue kwamba kilichonipata baadaye hakikutokana na ujinga. Nilikuwa najua vizuri sana namna ya kutunza meno. Ndiyo maana nilijua pia namna ya kuyaharibu.

Nilifaulu mtihani wa kumaliza primari. Barua ikaja kwamba nimepata nafasi katika shule ya wasichana ya bweni, mbele ya Tororo. Baba, aliyekuwa akipima pamba ya wakulima na kuandika kilo zao, aliisoma barua ile mara tatu, na mara ya tatu aliisoma amesimama. Mama alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaanza kulia.

Niseme ukweli, mimi ni mtu wa nyumbani. Nilizaliwa hivyo. Wenzangu walipotumwa mbali, hadi Lumino, walifurahi kutembea, mimi nilipotumwa dukani nilirudi mbio nikihofia wamehama. Nilipenda kulala ubavuni mwa Dani. Dani ndiye bibi yetu, mama yake baba, Mluo aliyeolewa kwetu Usamia, na sisi tulimwita kwa neno la kwao. Nilipenda harufu ya moshi kwenye blanketi lake. Bweni ningelala na nani?

Pamoja na barua ilikuja fomu. Baba alitusomea jioni. "Macho, kifua, meno. Kila kimoja kiangaliwe na daktari, atie sahihi. Asiye na sahihi asije."

Kesho yake akaja binamu yangu Ouma kutoka ng'ambo, upande wa Kenya. Yeye alikuwa amemaliza mwaka mzima bweni, kwa hiyo alijua kila kitu duniani.

"Fomu hiyo si mchezo," akaniambia. "Ukiwa na jino bovu hawakuchukui. Kwetu kuna mmoja walimrudisha."

"Kweli, Ouma?"

"Kabisa! Wanasema ubovu unaambukiza. Utaozesha bweni zima."

Wenzangu, kuna habari njema mtu husikia mara moja tu maishani. Nilikuwa na gego moja chini kulia lenye kitundu kidogo, kidogo hata maji baridi hayakulishtua sana. Kuanzia siku ile nikalifuga. Nililifuga kama watu wanavyofuga ndama wa maonyesho. Mama alipogawa sukari guru niliikandamiza kwenye kile kitundu na kuiacha iyeyuke humo taratibu. Asubuhi nilisimama mstarini na wenzangu, nikasugua meno yote, hilo moja nikalizunguka. Nilitafuna miwa upande wa kulia tu. Nilifanya kila ambacho mwalimu wa Jumatatu alitukataza, tena kwa bidii ambayo sikuwahi kuitia kwenye hesabu.

Wiki ya tatu ndama akakua. Kwanza lilinigonga taratibu nilipokunywa chai. Halafu likaanza kugonga hata bila chai. Shavu likavimba nikafanana na mtu aliyeficha ndimu mdomoni. Mama akanibandika majani ya moto, akaniwekea karafuu, akanisukutulisha maji ya chumvi. Yote yalinipa nafuu kidogo, na kila nafuu iliniogopesha: je, likipona? Basi nilikuwa nalia kwa maumivu na kuomba yasiishe. Sijui kama yupo mtoto mwingine Uganda nzima aliyeomba dua ya namna hiyo.

Mama alikuwa amejifungua mwezi ule, Baba yuko kwenye msimu wa pamba. Ikaamuliwa Dani anipeleke Tororo, kwa daktari wa meno, pamoja na fomu.

Sasa lazima niwaeleze kinywa cha Dani. Hakuwa na meno ya mbele ya chini, yote sita. Hayakuoza wala hayakudondoka. Alitolewa alipokuwa msichana, siku moja, kwa kipande cha chuma, kama ilivyokuwa desturi kwao. Ukishatolewa, ndipo unahesabiwa kuwa mtu. Kabla ya hapo hata ukisema neno la maana, wanaangalia pembeni. Alituambia pia kwamba pengo lile lilisaidia: ukiugua taya likakaza, watu wanaweza kukumiminia uji. Sisi watoto wa shule tulimcheka chinichini. Yeye alitucheka waziwazi. "Nyinyi mna meno mengi kama mamba," alisema, "na hamjui la kufanya nayo."

Tukapanda basi asubuhi, tukapita Buteba, nikiwa na kitambaa kimenifunga kuanzia kidevuni mpaka utosini. Mwamba wa Tororo ulipoanza kuonekana, moyo wangu ulikuwa mwepesi. Nilijua nakwenda kuandikiwa ubovu wangu rasmi, halafu narudi nyumbani kwa basi la jioni, na kesho yake napeleka ndoo kisimani kama kawaida, maisha yangu yote.

Daktari wa meno alikuwa mrefu, koti jeupe, soksi zimevutwa hadi magotini, na Kiswahili chake kilikuwa kile chetu cha mpakani.

"Huyu nakwenda bweni?" akamuuliza Dani, akiishika fomu.

"Anakwenda," Dani akajibu.

"Kaa hapa, mama," akaniambia mimi. "Fungua mdomo. Fungua kama naita ng'ombe."

Nikafungua mpaka taya likalia. Hakuna mtoto aliyewahi kumwonyesha daktari jino kwa fahari kama mimi. Hata kidole nilikuwa nimeshakiweka hapohapo asije akalikosa.

Akainama na kioo chake kidogo. Akaita, "Eee! Nani nachimba kisima huku?"

"Ni bovu sana?" nikauliza, matumaini yamenijaa.

"Bovu? Hii imepita bovu. Ungekuja mapema, ningesafisha, ningeziba, ungekaa nayo mpaka uzee. Sasa imefika kwenye mzizi. Hii natoka leo."

"Inatoka?"

"Dakika tano."

"Halafu?"

"Halafu naweka sahihi, wewe nakwenda shule."

Nikafunga mdomo. Hapo ndipo ilinijia, kwa mara ya kwanza baada ya wiki zote zile, kwamba kazi ya daktari wa meno ni kutibu meno. Mimi na Ouma hatukuwa tumelifikiria hilo.

"Daktari," nikasema kwa kunong'ona, "andika tu ni bovu. Andika siwezi kwenda."

Akanitazama. Dani naye akanitazama, polepole, kama mtu anayesoma barua ngumu.

"Nani alikuambia jino moja nafukuza mtu shule?" daktari akauliza. "Wangefanya hivyo, mama, shule zote zingefungwa! Na sisi madaktari tungekuwa watu wa kwanza kurudi nyumbani." Akacheka mpaka kile kioo kikatikisika mkononi.

Dani hakucheka. Akanisogelea, akanishika shavu lile lenye ndimu. "Ulililisha sukari wewe mwenyewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ili ukae na mimi?"

Nikaitikia tena, machozi yakaanza. Nikajua sasa Dani wangu atanichukua, atamwambia huyu mrefu, basi, mtoto hataki, twende zetu. Akamgeukia daktari. "Mtoe jino," akasema.

Daktari akachukua sindano. Dani akarudi nyuma hatua mbili.

"Hiyo ya nini?"

"Ya ganzi, mama mzee. Asisikie uchungu."

"Asisikie?" Dani akauliza. "Sasa asiposikia, faida yake nini?"

Daktari akabaki na sindano hewani. "Mama mzee, wewe walikutoa ngapi?"

"Sita. Kwa chuma. Na sikulia."

"Basi wewe ni askari. Huyu ni raia. Niache nimsaidie."

Dani akakubali kwa shingo upande, lakini sindano ilipoingia aligeuka akatazama ukutani. Ndiyo, yeye wa meno sita. Mimi nilipiga ukelele ambao, nikikumbuka vizuri, uliwatoa watu kwenye benchi la nje, na wawili sijui kama walirudi. Ganzi ikashika, mdomo ukawa wa mtu mwingine. Likaja koleo, nikasikia kishindo ndani ya kichwa kama mtu anang'oa mhogo kwenye ardhi kavu, na gego langu la wiki zote zile likawa kwenye sahani ya bati.

"Uma hii pamba nusu saa," daktari akasema. "Leo usisukutue, usinywe chai ya moto, usichokore na kidole wala ulimi. Kesho maji vuguvugu na chumvi. Na mswaki asubuhi na usiku, meno yote, si yale unapenda tu. Umesikia?"

Nilisikia. Nimeyafuata maneno yale mpaka leo, na meno yangu mengine yote yangalipo. Nawaambieni bure, nyinyi mnaokimbilia kununua dawa ya meno ya rangi tatu.

Ndani ya basi la jioni Dani aliwaambia abiria wote, kuanzia dereva, "Huyu ametolewa jino leo. Hakulia!" Alisema bila haya, na mimi kitambaa kimelowa machozi. Mama mmoja mwenye kikapu cha samaki akanipisha nikae dirishani.

Tulipofika nyumbani Mama alikuja na mtoto mgongoni. "Mtoto wangu hajambo?"

"Niliondoka na mtoto," Dani akasema. "Huyu niliyerudi naye, msimwite hivyo tena."

Nikaelewa kilichonipata. Wengine wote waliona jino bovu limetibiwa. Dani peke yake ndiye aliyeona desturi yake imetimizwa, moja badala ya sita, upande usiofaa, kwa sindano ya kudanganya, lakini imetimizwa. Na mtu aliyekwisha kutolewa hafichwi tena chini ya blanketi. Nililifuga jino lile ili nibaki mtoto wake, na kwa jino lilelile nikawa nimepewa ruhusa ya kuondoka. Nilitaka kubisha, lakini mdomo ulikuwa bado una ganzi.

Sanduku langu Dani alilipanga mwenyewe. Asubuhi ya safari hakuja barabarani. Alikuwa shambani analima, ameinama, hakugeuza kichwa. Mama aliniandikia baadaye kwamba alilima sehemu moja mpaka mchana, na hapakuwa na kitu pale cha kulima.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alikwenda kutengenezewa meno. Kiti kinapanda na kushuka chenyewe, ukutani kuna televisheni ya vikaragosi, na akitoka anapewa kibandiko cha nyota kwa ushujaa, naye amesafishwa tu! Hakuna aliyemwambia asilie, kwa sababu hakuna la kumliza. Mwezi huohuo akaenda bweni, akashuka kwenye gari akakimbilia wenzake, mimi nikabaki na mkono juu. Nafurahi. Kama angenililia sijui ningefanya nini, maana mimi ningemrudisha.

Kabla hajaondoka aliniuliza kuhusu pengo langu. Nikamwambia nilitaka nikae nyumbani.

"Ukakaa, Bibi?"

Nikatazama uani. Nilisoma, nikarudi, nikaolewa nyumba ya nne kutoka hapa, na baadaye tukakinunua kiwanja hikihiki cha nyumbani kwetu. Mpaka uko palepale, ng'ambo ni Kenya.

"Nilikaa," nikamjibu. "Ila wale niliotaka kukaa nao, wao ndio walioondoka."