Kuko Mutu Ananichunga

Wakati huo nilikuwa mkalimani katika zahanati moja ya Mbarara, nikiwatafsiria wakimbizi. Asubuhi moja aliletwa mama mzee kutoka kambi ya Nakivale, mjane wa kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, amekonda kwa kukosa usingizi. Daktari akataka kujua anaishi na nani.

"Niko peke yangu," mama akanijibu. "Lakini kuko mutu ananichunga kila siku."

Nikamwambia daktari kwamba yupo mtu anayemtunza. Daktari akaridhika, akamwandikia dawa, akaniomba nimsindikize hadi nyumbani kwake.

Kwetu mama huchunga mtoto, na askari huchunga mfungwa; neno ni hilo hilo. Mimi nilichukua maana iliyonipendeza, bila kumuuliza.

Tulifika adhuhuri. Nyumba yake ya udongo ilikuwa ya mwisho kijijini, dirisha likielekea shamba la mahindi. Nikauliza huyo mtu yuko wapi, nimweleze dawa zinavyonywewa. Mama akanyoosha kidole kwenye mahindi.

Nikaingia shambani. Hatua sita kutoka dirishani palikuwa na duara la udongo ulioshindiliwa, laini kama sakafu. Majani ya upande wa nyumba yalikuwa yamekatwa, usawa wa macho yangu. Nilipogeuka niliona kitanda cha mama, sufuria yake, hata viraka vya shuka lake. Nikainama kugusa ule udongo. Palikuwa kivulini, lakini ulikuwa na joto, kama mkeka ambao mtu ametoka kuinuka.

"Unamuonaka?" nilimuuliza niliporudi.

"Hapana. Yeye njo ananionaka."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilikuambia, mutoto wangu. Ukasema na muganga, akafurahi. Nikawaza labda hakuna ubaya."

Siku hiyo hiyo nilimchukua hadi chumbani kwangu, mtaa wa Ruti mjini Mbarara, na kesho yake nikaenda kwa daktari kusahihisha maneno yangu. Majirani walipekua shamba lote, hawakukuta mtu. Mama alianza kulala, akanenepa kidogo.

Nyumba yake ikapewa familia ya Warundi. Nilipokwenda kuchukua vyombo vyake, mahindi yalikuwa yameshavunwa, na uwanda ulikuwa mweupe mpaka mbali. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa matofali. Nikamuuliza mama wa familia hiyo sababu.

"Watoto walikuwa wanacheka na mtu," alisema, akaendelea kuchambua maharage.