Drili ya Fausta Margwe

Fausta Margwe alikuwa na miaka arobaini na minne alipouza vitunguu saumu vya msimu mzima, akapanda basi hadi Arusha na kurudi na drili moja ya betri. Kijiji chote cha Gitting kilisikia. Siku ya tatu, wakinywa chai, mumewe Onesphory akauliza kile alichokuwa nacho moyoni tangu mwanzo.

"Mama Hilary, hicho kimashine kinatoboa tu, au na kulima kinalima?"

"Kinatoboa tu, baba Hilary."

"Haya." Akachukua jembe akaenda shambani.

Useremala Fausta aliupata kwa baba yake, mzee Margwe, aliyetengeneza milango ya nusu ya nyumba za pale kwa keke ya kuzungusha kwa mkono. Macho ya mzee yalipofifia, Fausta ndiye aliyeshika kazi, kwa sababu kaka zake walipenda zaidi ng'ombe na ngano. Mwanzoni watu walimpa stuli na vitanda vya watoto. Baadaye wakampa milango, na mwishowe wakamwita hata kuezeka.

Kwa miaka mitano alinunua drili za bei ya chini mjini Katesh. Ya kwanza ilidumu miezi minane. Ya pili ilikuwa nzima, ila betri yake ilikataa chaji, na betri nyingine ya aina ile haikuwepo duka lolote. Ya tatu ilianza kutoa moshi akiwa juu ya ngazi, mwenye nyumba akimtazama kutoka chini. Fausta aliona aibu iliyomfuata hadi nyumbani. Siku ile ndiyo aliyoamua kununua ya ghali.

Aliyemcheka zaidi alikuwa Patriki, fundi mwenzake wa Katesh, mtu mwepesi wa maneno na hodari wa kazi. "Dada, pale umelipia rangi na jina," alimwambia. "Kwa hela ile mimi nanunua tano. Moja ikifa, naizika, nachukua nyingine."

Fausta alijua hesabu ya Patriki haikuwa ya kijinga.

Mwezi wa kumi na moja upepo uliezua nyumba ya kujifungulia ya kitongoji kimoja cha wafugaji, pembeni kabisa mwa kijiji cha Dirma. Wenyeji walikuwa wameijenga kwa michango yao, na nguzo za umeme zilikuwa bado hazijafika. Safari hii walitaka paa la chuma, kwa kuwa mchwa walikuwa wamekula mbao za mwanzo. Chuma kililetwa kimeshaungwa tayari, kikapachikwa juu ya kuta. Kilichobaki kilikuwa kupiga bati kwa skrubu. Wakaitwa Fausta na Patriki pamoja.

Mzee Gidamis, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, aliwapokea.

"Shikamoo, mzee," Fausta alisalimia.

"Marahaba, mama. Mawingu yale mnayaona?" Akaelekeza fimbo upande wa mlima Hanang. "Kuna mama wawili hapa siku zao zimefika."

Loveness, muuguzi wa pale, aliongeza kwa upole kwamba mmoja wao alikuwa amebeba mapacha.

Walianza saa mbili asubuhi. Kwenye mbao za ukingoni mwa paa drili ya Patriki ilifanya kazi vizuri kabisa, sawa na ile ya Fausta, na Patriki hakuacha kumkumbusha Fausta hilo. Walipofika kwenye chuma mambo yakabadilika. Drili ya Patriki ilitoboa matundu sita, ikaanza kunguruma kama mtu mwenye kikohozi. La tisa ikanuka. Akaiweka kivulini ipoe, akatoa nyingine kwenye mfuko wa vifaa, na ile nayo ikafika la saba.

Fausta alikuwa upande wa pili wa paa, goti moja kwenye bati, mkono wa kushoto umeshika chuma. Aliendelea tu, tundu baada ya tundu. Kisha katikati ya tundu moja biti, ile ncha ya kutobolea, ilinasa. Alijua kitakachofuata, kwa sababu mwaka uliopita aliona drili ya Patriki ikinasa vilevile, ikajizungusha yenyewe na kumtegua mwenyewe kifundo cha mkono, akakaa wiki tatu bila kazi. Na hapa Fausta alikuwa ukingoni, chini yake mawe ya msingi. Alifumba macho.

Mashine ilihisi imenasa, ikajizima yenyewe. Mkono wake ulisukumwa kidogo tu, basi. Alikaa pale akipumua, akairudisha biti nyuma taratibu, ikatoka.

"Imenasa?" Patriki aliuliza.

"Imenasa."

Patriki alitazama kifundo chake mwenyewe, halafu mawe yale. Hakutania tena siku ile.

Saa tisa betri ya pili ya Fausta ikaisha, bati mbili zikiwa hazijapigwa. Sola ya Loveness ilikuwa ya friji ya chanjo, na Fausta hakuthubutu hata kuomba. Drili za Patriki zilikuwa zimeshindwa na chuma, na betri zake hazikuingia kwenye mashine ya Fausta. Basi wote wawili wakachukua waya wa kufungia nondo, wakazifunga zile bati mbili kwenye chuma kwa mikono, wakakaza kwa koleo mpaka vidole vikachubuka. Mzee Gidamis akawaletea maziwa kwenye kibuyu.

Mvua ilinyesha jioni ile na haikubembeleza mtu. Asubuhi Fausta aliingia ndani akapapasa sakafu kwa kiganja. Ilikuwa kavu, isipokuwa kwenye kona moja penye zile bati za waya. Bodaboda ikapeleka betri kuchajiwa dukani, na kufikia mchana kona ile nayo ikapigwa skrubu. Mapacha walizaliwa siku nne baadaye, wote wa kike.

Baadaye mwalimu Natalia alikuja kwenye karakana ya Fausta, Gitting, kumwuliza kama amnunulie mume wake drili kama ile.

"Atafanyia nini?"

"Kutundika mapazia. Na rafu moja ya jikoni."

"Nenda Katesh, mwalimu, nunua ya bei ya chini. Mtazeeka nayo."

"Na wewe mbona ulitoa yote hayo?"

"Mimi naishi juu ya ngazi," Fausta alisema. "Lakini nisikudanganye. Betri moja ya akiba ni karibu bei ya drili nzima ya Patriki. Ikiibwa hii, nalia. Na nikiwa mbali na umeme, ikiisha chaji ni chuma tu."

Patriki hakununua ya ghali. Anaendelea na zake kwenye mbao, na kazi ikiwa ya chuma anapiga simu Gitting. Wiki iliyopita waliitwa Yaeda Chini kuezeka madarasa mawili. Fausta alifunga mizigo mapema: kamba, ngazi ya kukunja, betri zake mbili, na sola ndogo aliyonunua mwezi huo. Patriki alikuwa ameshakaa kwenye pikapu, akimsogezea nafasi.