Sauti ya Jiwe Zima

Kila fundi wa jirani anapokata mawe hapa Gatongora, harufu ya vumbi lililomwagiwa maji hunirudishia baba. Alichonga mawe kwenye kwari, machimbo ya mawe yaliyokula shamba la shosho, nyanya yangu, hadi karibu na jikoni. Sukuma wiki zetu zilikuwa nyeupe kwa vumbi, na baba pia, mpaka kope. Alinifundisha kugonga jiwe na kusikiliza: zima hulia kama kengele, lenye ufa sauti yake hufia ndani.

Jioni moja alikohoa sana, akaketi uani bila shati. Nikamgonga kifuani kwa kidole.

"Na hili je, ni zima?" akauliza akicheka.

Mama akaacha kuosha mboga, akaningoja. Nikagonga tena, polepole, nikiitafuta kengele.

"Ni zima, baba."