Skrini Ikisema Imekata

Nakumbuka siku moja huko Changamwe, mwanangu, mkono wangu huu wa kulia ulipokuwa bado waweza kufunga kifungo cha shati. Tulikuwa twapima mitambo ya makontena ya baridi. Mezani pana boksi lenye swichi nyingi ndogo ndani, na kompyuta ndiyo inayoziamuru: hii iunge mita ya kupimia stima na waya huu, ile ikate. Jumatatu waenda kuanza kazi kwenye meza kama ile, na mimi usingizi umenikataa. Basi nisikilize.

Msimamizi wetu alikuwa Kibwana. Namtaja kwa jina, kwani yeye hanitaji ila kusema nilikuwa mzembe. Siku hiyo aliunga stima kubwa ya kontena kwenye boksi lililotengenezewa stima ndogo. Mama Nzisa, fundi aliyetuzidi sote umri, akamwambia, "Kibwana, hilo halibebi stima hiyo. Soma maandishi ya ubavuni."

"Mama, leo wanifunza kazi?"

Kipimo kikapita, tukacheka na Kibwana. Kumbe ndani swichi moja imeungua ikagandana, haikati tena. Kibwana akaamuru zote zikate, na skrini ikaonyesha zimekata. Akaniambia nihamishe waya. Nikasita.

"Shika, bwana. Waogopa kama bibi harusi."

Nikashika, stima ikaning'ang'ania. Mama Nzisa ndiye aliyechomoa plagi ukutani. Bila yeye usingezaliwa.

Hospitalini alinilisha uji kwa kijiko, kisha akanigombeza taratibu. "Skrini yaonyesha amri iliyotolewa, mwanangu. Haijui kama swichi imetii. Mita ulikuwa nayo, mbona hukuiuliza?"

Vidole viwili vimekufa mpaka leo, na Kibwana hajaja hata kunijulia hali.

Kwa hivyo, kabla hujaunga kitu, soma boksi labeba stima kiasi gani. Waya wa ardhini uwe wa kwanza kuungwa. Ukitaka kugusa, chomoa plagi kwa mkono wako, iweke unapoiona, subiri kidogo stima iliyobaki iishe, kisha pima pale pale penye waya. Na mita yenyewe ijaribu kwanza penye stima unayoijua, isije ikawa mbovu. Atakayekucheka, mwache acheke, wewe pima.

Mola ailinde mikono yako, mwanangu. Ikulishe, ibebe wanao, na kila jioni uvuke feri urudi Likoni nayo ikiwa mizima, inshallah.