Sentensi Iliyokosekana Katika Ripoti ya Karurumo

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti Embu nikiwa na tai ya kuazima na bisibisi mpya mfukoni. Fundi Mkuu wa karakana ya ofisi ya elimu, mzee mfupi kutoka Igembe, aliitazama ile tai, akaniambia niivue. "Itaingia kwenye feni," akasema. "Hapa tunafungua mashine, kijana, hatuendi harusini." Nikaivua, nikakunja mikono ya shati, nikapewa kompyuta ya kwanza kupanguza vumbi.

Nyinyi mnaoanza sasa mtashangaa. Siku hizi kompyuta ya shule ikiugua, mtu aliye Nairobi anaiingia kupitia mtandao, anaitibu, wala hajui ofisi hiyo ina dirisha upande gani. Sisi tulikwenda. Tulibeba brashi, sidii za kuwashia mashine iliyokataa kuwaka, na zile betri ndogo bapa zinazotunza saa ya kompyuta umeme ukizimwa. Tulikaa na wenye mashine, tukanywa chai yao, tukajua nani ana mgonjwa nyumbani. Mnieleweshe mnavyotaka kuhusu maendeleo. Mimi nakutamani kule kuketi na watu.

Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaiota. "Ripoti si mahali pa maoni," alisema. "Andika ulichokiona na kukishika. Mengine waachie wenye vyeo vyao." Niliikariri kama katekisimu.

Kituo changu cha kwanza nje ya Embu kilikuwa Maua. Pikapu za miraa zilipita zikikimbizana, na vumbi lao lote, nakuambia, liliishia ndani ya kompyuta za shule. Mkaguzi wa huko, mama mkali asiyependa maneno mengi, alizisoma ripoti zangu na kusema, "Huyu haongezi chumvi." Nilijiona mkubwa. Niliporudishwa Embu kusimamia shule za upande wa Runyenjes, sifa hiyo ilikuwa imenitangulia.

Ndipo nikaitwa shule moja ya upili karibu na Karurumo. Jina lake nitaliacha. Kompyuta ya ofisi ilikuwa imekataa masasisho, yaani apdeti, yale marekebisho ambayo watengenezaji hutuma kupitia mtandao ili kuziba mianya wanayopitia wezi na virusi. Lakini halmashauri ya shule haikuniita kwa ajili ya apdeti tu. Barua ya kuthibitisha kwamba kijana fulani alimaliza masomo ilikuwa imekataliwa na chuo, kwa sababu tarehe iliyochapwa juu yake ilikuwa ya zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mtihani wake. Chuo kilisema imeghushiwa. Halmashauri ilitaka kujua kama tarehe iliharibiwa na virusi au na mtu. Na mtu aliyechapa barua pale alikuwa mmoja tu, Wawira, sekretari wa shule. Ripoti yangu ndiyo ingeamua kama atabaki kazini, na kama ataitwa mghushi.

Nilimkuta ameketi wima kama anayesubiri daktari. "Fundi, hii mashine imenichosha," akasema. "Inasema inaapdeti, inafika katikati, inarudi nyuma. Lakini karibu chai kwanza."

Niliiwasha kwa sidii yangu, ili virusi vilivyolala kwenye diski visiamke, nikaanza kusaka. Vilikuwa vingi, vimeletwa na flashi za walimu kutoka saiba za intaneti mjini. Kimoja kilikuwa kimezima ile huduma inayoleta masasisho, kisha kikaandika anwani za uongo, ili mashine ikimtafuta mtengenezaji ipelekwe kusiko na mtu. Nikakifuta, nikafuta na anwani zake, nikaiwasha huduma. Bado ikakataa. Ndipo nikaangalia tarehe pembeni mwa skrini, nikaona iko nyuma kwa zaidi ya miaka miwili. Sasa, kompyuta inapoomba masasisho huonyeshwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Hii ilidhani iko mwaka mwingine, ikaona cheti hakijaanza kutumika, ikafunga mlango. Nikasema ni betri imekufa. Nikaweka mpya, nikarekebisha tarehe, nikaenda zangu nikiwa nimeridhika.

Kesho yake asubuhi tarehe ilikuwa imerudi kule kule. Nikaitoa betri, nikaipima, nzima kabisa. Wawira alikuwa akitazama vidole vyake.

"Ni mimi," akasema. "Nilipofika iliniandikia kwamba muda umekwisha, nikairudisha nyuma kama kawaida. Hata koti sikuwa nimevua."

Akanieleza. Programu yao ya kuzuia virusi ilikuwa ya majaribio, ya siku thelathini basi. Siku zilipokwisha, Mwalimu Mkuu alimwambia airudishe tarehe ili programu idhani bado ina siku. Kila ilipokaribia kwisha alifanya vivyo hivyo, na kompyuta ile ikaishi mwezi mmoja kwa miaka miwili. Programu haikuvijua virusi vilivyozaliwa baadaye, ikavipisha. Kwenye barua alikuwa akisahihisha tarehe mwenyewe kabla ya kuchapa. Siku moja ya foleni ndefu, barua moja ikamponyoka.

"Utaandika kwamba ni Mwalimu Mkuu aliniagiza?" akaniuliza.

"Nitaandika nilichokiona," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa. Alidhani nimesema ndiyo, nami nikamwacha adhani hivyo.

Siku ya tatu ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote katika utumishi wangu. Tarehe ilikuwa sahihi, virusi havipo, na masasisho ya miaka miwili yalikuwa yamerundikana yakingoja kuingia kwa modemu iliyovuta polepole. Skrini iliandika tusizime. Kwa hiyo tuliketi tangu asubuhi mpaka kengele ya saa kumi, tukitazama asilimia zikipanda. Alinimenyea nduma. Aliniuliza sisi Waimenti wa Meru tunakiitaje hiki na kile, nikimwambia anacheka, anasema kwao Embu mtu akisema hivyo atapelekwa hospitali. Ilipofika sitini ikakwama, na badala ya kukasirika nikafurahi. Nasema kweli, nilitamani ikwame mpaka wiki iishe. Nilikuwa nimempenda, na sikumwambia.

Niliporudi Embu niliandika hivi: "Virusi vimeondolewa. Masasisho yameingia. Tarehe haikubadilishwa na virusi. Ilirudishwa nyuma kwa mkono, na sekretari amekiri." Yote yalikuwa kweli. Agizo la Mwalimu Mkuu sikuliandika, kwa kuwa sikuliona. Fundi Mkuu akaisoma ripoti akasema, "Safi." Mwalimu Mkuu naye alipoulizwa na halmashauri akasema hana habari. Wiki hiyo hiyo Wawira akaachishwa kazi, na sababu iliyoandikwa ni kughushi.

Alikuja karakana akiwa na nakala ya ripoti. Hakupandisha sauti.

"Kukiri kwangu ulikusikia," akasema. "Kuagizwa kwangu nilikuambia kwa mdomo huu huu, saa ile ile. Hilo lilipitaje sikio lako?"

Nilimtazama Fundi Mkuu, naye akainama akijifanya anatafuta skrubu sakafuni. Wawira akakunja karatasi yake, akaondoka. Sentensi iliyokosekana ilikuwa fupi: anasema aliagizwa. Ningeiandika kwa pumzi moja. Lakini niliogopa kuonekana naongeza chumvi, na niliogopa zaidi kwamba Fundi Mkuu angesoma moyo wangu ndani yake.

Baadaye nilihamishiwa Meru, ofisi ya Makutano, ambako malori yakipiga honi barabarani hata simu husikii. Nilipanda cheo mpaka nikawa Fundi Mkuu mimi mwenyewe. Nilioa mwanamke mwema, tukalea watoto. Hata hivyo, kila mashine ilipokwama kwenye apdeti, vijana wangu wakianza kulaani, mimi nilivuta kiti nikaketi kimya. Walidhani ni subira. Nilikuwa Karurumo.

Nilistaafu mwaka jana. Kustaafu ni kuamka asubuhi ukiwa na mikono inayojua kazi na hakuna anayeihitaji. Nilikuwa nikifungua redio iliyo nzima na kuifunga tena, ndipo mke wangu, ambaye kisa hiki nilimsimulia zamani, akaniambia, "Umetengeneza kompyuta za watu wote. Sasa nenda ukatengeneze ile ripoti."

Niliiandika upya yote, na sentensi yake ndani, pamoja na maelezo kwamba niliisikia siku ile na nikaiacha kwa hiari yangu. Nikatia sahihi. Mwalimu Mkuu alikuwa ameshafariki na halmashauri ile haipo tena, kwa hiyo sikuwa na wa kumpa isipokuwa Wawira mwenyewe. Nikauliza Karurumo, nikaelekezwa kwake, mteremkoni kwenye kahawa na migomba.

Alinitambua kabla sijasema jina. Mvi zilikuwa zimemjaa. "Fundi," akasema, "umezeeka." Akaisoma karatasi akiwa amesimama, akairudia mwanzo.

"Mama yangu alizikwa akiamini nilighushi," akasema. "Hakunilaumu hata siku moja. Alinihurumia tu, na huko kuhurumiwa ndiko kulikoniuma."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimelibeba neno hilo miaka mingi, na lilipotoka lilikuwa dogo sana.

Aliita watu wake kutoka shambani, mumewe na binti zake wawili, watu wazima. Wakaja na udongo mikononi, wakanisalimu kwa heshima bila kujua mimi ni nani, wakaketi. Wawira akanirudishia karatasi.

"Wasomee wewe," akasema. "Nikiisoma mimi, watadhani nimeichapa mwenyewe."