Bahasha ya Wiki ya Saba

Nyumbani walimwita Bi Jedwali, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mlangoni mwa jokofu alikuwa amebandika jedwali la siku ambazo mumewe aliahidi kurudi mapema na siku alizorudi mapema kweli, na chini yake akaandika uwezekano wa kesho. Mumewe, fundi wa majokofu mwenye maneno mengi kuliko spana, alilalamika kwamba jokofu lao ndilo pekee mjini linalomsengenya fundi wake.

Kazini alikuwa kitengo cha hesabu cha kampuni ya bima, ghorofa ya tatu, meza ya karibu na dirisha. Huko ndiko wanakopiga hesabu za ajali, maradhi na vifo, ili kampuni ijue leo itoze nini kwa jambo litakalotokea miaka thelathini ijayo. Aliipenda kazi hiyo mpaka akawa anaona haya kusema. Wenzake wakishatoka, mfagizi alikuwa amezoea kufagia akiizunguka miguu yake.

Ila meza ile ilikuwa na masharti. Anayeikalia sharti afaulu mtihani wa hesabu za bima ya maisha, na kampuni ilimpa kila mtu nafasi nne tu. Ukianguka mara ya nne, unashushwa dawati la madai, ghorofa ya chini, ukapokee fomu za watu waliogongwa magari. Si kazi mbaya, lakini haikuwa yake. Bi Jedwali alikuwa ameanguka mara tatu. Sasa, akiwa na miaka thelathini na tisa, ameshafanya ya nne, na matokeo yangetoka baada ya wiki kumi.

Wiki ya kwanza alitembea mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Kilichomsumbua ni mama yake tu, ambaye aliishi nao na alikuwa amewatangazia majirani kwamba binti yake anafanya mtihani wa kujua watu watakufa lini. Jirani wa mlango wa pili alianza kumkwepa kwenye ngazi.

"Mama, umewaambia nini watu?"

"Nimewaambia kweli. Si unasomea vifo wewe?"

"Mimi sijui nani atakufa lini. Najua tu, kati ya watu elfu kumi wa umri fulani, watakufa wangapi."

"Sasa hao elfu kumi si wana majina? Hebu niangalizie kama nimo, nisije nikanunua viatu vipya bure."

Wiki ya pili, akiwa anaanika nguo, kibanio mdomoni, swali la sita likamrudia lote. Mstaafu wa kwenye swali alitakiwa kulipwa pensheni yake mwanzoni mwa kila mwaka. Bi Jedwali alikuwa amemlipa mwishoni. Kibanio kikamdondoka. Alikuwa amemngojesha mzee wa watu mwaka mzima bila senti, na alama zilikuwa zimekwenda na maji.

Tangu hapo hakutulia. Aliketi akajisahihishia mtihani mzima kwa kumbukumbu, swali kwa swali, akapata hamsini na nane. Ya kufaulu ilikuwa hamsini na tano. Mtu mwingine angefurahi akaenda kulala. Lakini katika kazi yao hakuna hesabu inayotoka bila kuongezewa tahadhari: ukikadiria nyumba kumi zitaungua, unaandika kumi na mbili, ili hasara ikija ikukute umejiandaa. Basi naye akajikata alama kila alipokuwa na shaka, mbili hapa, tatu pale, mpaka akafika hamsini na moja. Namba hiyo akaiamini kuliko ya kwanza, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa.

Na kwa kuwa hasara imeshakadiriwa, akaiandalia. Wiki ya saba aliandika barua ya kuomba kuhamia dawati la madai kuanzia tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Aliona ni heri ashuke ngazi kwa miguu yake kuliko kuitwa mbele ya watu na kuambiwa ashuke. Akaitia kwenye bahasha ya kaki, akaipeleka kwa mkuu wa kitengo, ambaye wote walimwita Mzee Desimali kwa kuwa hajawahi kukubali kudondosha desimali ya namba yoyote, hata ya umri wake.

Mzee aliipokea bahasha, akaipima mkononi, akaitia kwenye droo.

"Nimepokea," alisema, akarudi kwenye karatasi zake.

Ikapita wiki, ikapita ya pili, Mzee kimya. Bi Jedwali akaanza kuhamisha vitu vyake kidogo kidogo: leo kikombe, kesho sweta, keshokutwa ua lake la kwenye kopo, la pale dirishani.

"Mke wangu," mumewe aliuliza, akilishika lile ua, "umefukuzwa au unaiba?"

Alimweleza yote. Mumewe akaliweka ua dirishani, akalimwagilia maji, jambo ambalo halikuwa na safu kwenye jedwali la jokofu.

Matokeo yalitoka siku ya mwisho ya mwezi, saa tisa alasiri. Bi Jedwali alijifungia stoo ya mafaili, akafungua simu, akafumba jicho moja. Jicho lililobaki likasoma: amefaulu. Hamsini na nane.

Alikaa chini palepale, juu ya boksi, akacheka peke yake na machozi yakimtoka. Alimpigia mumewe, naye akapiga kelele hadi mwenye jokofu alilokuwa akilitengeneza akadhani amepigwa shoti. Alimpigia mama yake.

"Mwanangu! Kwa hiyo viatu ninunue?"

"Nunua, Mama. Nunua jozi mbili."

Ndipo akaikumbuka barua. Kesho ilikuwa tarehe mosi. Alikwenda hadi mlango wa mkuu karibu anakimbia, akabisha na kuingia kabla ya kujibiwa.

"Mzee, ile barua yangu..."

"Umefaulu?"

"Nimefaulu. Lakini ile barua, kama imeshapelekwa kwa..."

Mzee Desimali alivuta droo, akatoa bahasha, akaisukuma mezani. Ilikuwa bado imefungwa. Juu yake kulikuwa na muhuri mwekundu wa dawati la madai: DAI LIMEKATALIWA. Chini yake, kwa mwandiko wake mdogo, sababu: hasara haijatokea. Tarehe ilikuwa ya siku ileile Bi Jedwali alipoipeleka.

"Hukuifungua?"

"Ya nini? Nimeshaletewa bahasha kama hii mara tisa, zote wiki ya saba. Yenu ni moja tu, mnajilipa kabla ya ajali."

Bi Jedwali aliishika bahasha kwa mikono miwili. Aliona aibu na kushukuru kwa pamoja, na kwa kuwa hakujua aanze na lipi, akauliza swali la kiofisi.

"Na muhuri wa ghorofa ya chini umeupata wapi, Mzee?"

Mzee alivua miwani, akaifuta taratibu.

"Ya kwangu ilifunguliwa," alisema. "Wiki tatu baadaye matokeo yakatoka, nimefaulu, na kiti changu kimeshapata mtu. Nilikaa kule chini miaka miwili na miezi minne. Siku ya kupanda huku nikaondoka na muhuri mmoja."

Akavaa miwani yake.

"Kesho njoo na lile ua lako. Dirisha limekaa tupu vibaya."